Gauni la Bi Povu

Mke wangu alikuwa dobi. Alifua nguo za watu tangu kabla sijamjua mpaka juma lile alipolazwa. Mtaani hawakumwita kwa jina lake, walimwita Bi Povu, naye aliitika. Alisema jina la wazazi ni la kupeleka shule na hospitali, na kwa kuwa shule hakwenda na hospitali haipendi, Bi Povu linamtosha. Mwishowe hospitali alikwenda. Hakurudi.

Mimi ni fundi baiskeli. Nilimjua kwa sababu ya ovaroli. Nilimpelekea ikiwa imekauka kwa grisi, inasimama yenyewe. Akaizunguka, akasema hii siyo nguo, ni mnyororo. Juma lililofuata nikampelekea shati ambalo halikuwa chafu. Akaligeuza huku na huku, akaniambia, "Fundi, hili umelichafua kwa mkono. Kama umeona mtu, sema umeona mtu." Nikasema. Tukaishi pamoja mpaka meno yakaanza kututoka.

Baada ya maziko, shemeji zangu walifua nguo zake zote. Walifanya kwa upendo, siwalaumu. Walijaza kamba za uani, zile zile alizoanikia nguo za watu, na kwa mara ya kwanza kamba zile zilibeba nguo zake tupu. Nilikaa kizingitini nikizitazama zikipepea. Zilipokauka nikazinusa moja moja. Sabuni. Yeye hakuwemo.

Ila gauni moja liliwapita. Gauni lake la kazi, la kijani lililopauka, lenye mfuko mkubwa mbele wa kutilia vibanio. Alilivua asubuhi ya kwenda hospitali akalitundika nyuma ya mlango wa jikoni, na nyuma ya mlango hakuna aliyetazama. Lilikuwa na harufu yake. Sabuni ya mche, moshi wa pasi ya mkaa, mafuta ya nazi ya kichwani, jasho. Mtu atasema vitu hivyo vyote vinauzwa dukani, ukiondoa jasho. Nimejaribu kuvichanganya. Harufu ile haipatikani.

Nikawa naliweka kwenye mto wake, nalala. Mchana nalifunga ndani ya nguo nyingine ili harufu isitoroke, maana ilikuwa inapungua, na nilijua inapungua. Watu wengine wana picha. Mimi picha zake zote amekunja uso kama amemwona mtu anakanyaga shuka lililoanikwa. Nilichokuwa nacho cha kweli ni gauni lile.

Kitinda mimba wetu anasoma chuo kikuu, masomo ya juu kabisa, yale ambayo mtu akiyamaliza anaitwa daktari na hatibu mtu. Siku yake ya kukitetea kitabu chake mbele ya walimu ilipokaribia, alinipigia simu akasema nije. Akasema, "Mama angekuja." Basi nikafunga begi. Yeye analala bweni la wanawake, na mwanamume haingii hata akiwa baba. Akanichukulia chumba kwenye hoteli iliyo kando ya chuo. Ni hoteli ya kisasa, akasema, utapumzika.

Nyumba za wageni ninazozijua mimi zina mtu mlangoni anayepiga miayo na funguo zilizofungwa kwenye kipande cha mti. Hii haikuwa na funguo wala miayo. Unasimama mbele ya mlango, mlango unakutazama, halafu unafunguka. Mapokezi kuna kioo kirefu kunizidi mimi, na ndani yake mwanamke anayetabasamu tangu asubuhi. Siyo mtu, ni mashine yenye sura. Meza zimetengenezwa kwa matumbo ya kompyuta za zamani, yamefunikwa kwa kioo, kijani na dhahabu, mazuri kama ushanga. Ukutani wametundika simu za zamani za waya kama wengine wanavyotundika pembe za nyati. Vijana wa chuo wamejaa, kila mmoja na kompyuta mapajani, hakuna anayesema na mwenzake. Nilimuuliza binti yangu kama wamegombana. Akacheka. Nilifurahi kumsikia akicheka.

Vyumba vimeandikwa sifuri na moja tu, zimepangwa kwa kubadilishana. Alinieleza kwamba ndivyo kompyuta zinavyohesabu. Nikamwambia basi hazijafika mbali.

Chumbani unasema taa, taa inawaka. Unasema pazia, pazia linakimbia. Nilikohoa, taa ikazimika. Mbele ya kitanda, ukutani, kuna kioo kingine cha kukupa habari za chumba chako, na kitanda chenyewe kinapima usingizi, asubuhi kinakusimulia ulivyolala kana kwamba hukuwepo.

Binti yangu ndiye aliyenifungulia begi. Alipofika kwenye gauni mikono yake ikasimama.

"Baba, bado unalo?"

"Ninalo."

"Na halijafuliwa."

"Halijafuliwa."

Akaliweka juu ya mto taratibu, kama unavyomlaza mtoto uliyehangaika kumbembeleza.  Nikaona ana jambo, lakini kesho yake ilikuwa siku kubwa, nikamwacha.

Asubuhi alipitia kuniaga. Blauzi nyeupe, sketi nyeusi, mikunjo ya mikono imenyooka kama alivyofundishwa na mama yake. Alizima simu mbele yangu, akasema hataki iite katikati ya maneno. Chumba cha mtihani ni walimu na yeye tu, akanieleza, mimi nikae, ninywe chai, alasiri atakuja na jibu lolote litakalokuwa. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi.

Alipoondoka nikataka kushuka kunywa hiyo chai. Gauni sikutaka kuliacha wazi, kwa sababu chumba kile kina upepo wake unaotoka darini na hauna swichi. Nikafungua kabati. Palikuwa na mfuko mweupe wa kitambaa, mpya, umetundikwa peke yake, una maandishi madogo ya lugha ya watu. Kusoma nilijifunzia ukubwani kwenye maboksi ya sabuni ya mke wangu, na yale hayakuwa maneno ya kwenye boksi.

Hapa lazima nieleze sheria ya nyumbani kwetu. Nyumba ya dobi ni mifuko. Iko uani, iko jikoni, iko chini ya kitanda, na kila mfuko una mwenyewe. Ndiyo maana tulikuwa na sheria moja ambayo watoto waliijua kabla ya kujua kuhesabu. Mfuko ulio wazi ni wa kufua. Mfuko uliofungwa fundo hauguswi. Humo mna nguo iliyokwisha kufuliwa inayomsubiri mwenyewe, au mna kitu cha nyumbani. Mtoto aliyefungua fundo alikula kofi, na mimi mwenyewe niliwahi kukosa chakula kwa kosa hilo. Sheria ile imeniingia kwenye vidole.

Basi nikaliingiza gauni mfukoni, nikafunga fundo, nikalikaza. Nikauweka mfuko kitandani upande wa mto. Nikashuka na moyo mweupe.

Chai yenyewe unachagua kwa kugusa picha. Niligusa picha ya kikombe, ikatoka kahawa. Nikainywa hivyo hivyo. Sikukaa sana.

Niliporudi kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka limekazwa kama ngoma. Mfuko haupo.

Nilitazama chini ya kitanda, kabatini, bafuni, nyuma ya pazia. Nikatazama hata ndani ya begi langu ingawa najua sikuuweka. Ndipo nikaona kioo cha ukutani kimebadilika. Palikuwa na picha ya beseni lenye mapovu, na chini yake maneno makubwa ya Kiswahili, haya niliweza kuyasoma: NGUO ZAKO ZIMEPOKELEWA. ASANTE.

Mama wa usafi alikuwa koridoni na toroli lake. Mtu mzima, wa rika la mwanangu wa kwanza, kitambaa kichwani, ndara miguuni. Nikamuuliza kama ameuona mfuko mweupe.

"Nimeupeleka, Baba. Gari la nguo limeshaondoka."

"Niliufunga."

"Ndiyo. Si ndiyo maana nikauchukua? Mgeni akifunga mfuko, amesema chukueni. Akiuacha wazi hatuugusi."

Nikamtazama. Kosa hakuwa nalo. Sheria yao ilikuwa yetu, imegeuzwa tu ndani nje kama soksi.

Nikamwambia ni gauni la marehemu mke wangu. Akanipa pole, akasema nisiwe na wasiwasi, hawapotezi kitu, litarudi safi. Nikamwambia, "Mwanangu, sitaki lirudi safi." Alikuwa ameshika fagio. Akaliegemeza ukutani. Akasema, "Twende chini."

Tukasimama mbele ya mwanamke wa kioo. Mama wa usafi ndiye aliyeanza. Akasema yeye ni mfanyakazi wa humu, kuna mfuko umechukuliwa kimakosa, usimamishwe. Mwanamke wa kioo akamshukuru kwa kazi yake njema. Akasema ombi la kusimamisha nguo hupokelewa kutoka kwenye simu iliyokodi chumba tu, kwa usalama wa mgeni. Nikasema mimi ndiye mgeni. Akanikaribisha. Nikasema simu iliyokodi chumba ni ya binti yangu, naye yuko kwenye mtihani. Akamtakia heri. Mwisho nikamwambia mke wangu amekufa. Akainamisha kichwa, akasema anasikitika sana kusikia hivyo, akaniuliza kama ningependa kiamsha kinywa kiwe cha mtu mmoja.

Mama wa usafi akanishika kiwiko, akanitoa pale. Alimpigia simu dereva wa gari la nguo mwenyewe, kwa salio lake. Nilisikia upande wake tu, lakini alinipa yote. Mifuko imefungiwa kwenye vizimba ambavyo dereva hana namna ya kuvifungua. Vikifika kiwandani, nje kabisa ya mji, mashine ndiyo inayovifungua, na mashine ndiyo inayofua. Watu waliobaki kule ni wa kuitia mafuta. Ila mifuko hukaa kwenye foleni mpaka adhuhuri. Simu iliyokodi chumba ikisema acha kabla ya hapo, mashine inautupa ule mfuko pembeni. Ikishaanza, haisikii.

Nikampigia binti yangu. Nikajibiwa na yule mwanamke wa siku zote wa kwenye simu, kwamba hapatikani. Siku ile nilikuwa na wanawake wengi wenye adabu, hakuna hata mmoja aliyekuwepo.

"Chuo ni hapo tu, Baba," mama wa usafi akasema. "Nenda. Atoke kidogo, abonyeze, arudi. Hawatamnyima mtu sekunde kwa ajili ya mama yake."

Nikaenda. Goti langu la kulia ni baya lakini siku hiyo halikusema. Kwenye jengo lao bawabu akaniuliza naenda wapi. Nikasema binti yangu anatetea kitabu chake. Akaniuliza kama mimi ndiye wakili. Akaona sikucheka, akaacha kiti chake, akanipandisha ngazi mwenyewe mpaka kwenye mlango.

Mlango ule ulikuwa na ufa wa kioo, mwembamba, wa kuchungulia. Nilimwona. Alikuwa amesimama mbele ya picha za mabomba zilizomulikwa ukutani, maana kitabu chake ni cha maji, namna yanavyopotea ardhini kabla hayajafika kwa watu. Walimu wako mezani, mmoja ameinua miwani kipajini. Sauti haikutoka nje. Nilimwona anaeleza kwa mikono, na mikono ile siyo yangu, ni ya mama yake. Mama yake alipoeleza jambo alikuwa anakamua hewa, unangoja maji yatiririke.

Yule wa miwani akasema kitu, akatikisa kichwa. Binti yangu akainamia kitabu. Akageuza kurasa, akarudi nyuma, akageuza tena. 

"Gonga, Mzee," bawabu akaninong'oneza. "Gonga tu, watafungua."

Nikainua mkono.

Namjua mwanangu. Ningegonga angetoka. Angewasha simu, angebonyeza, pengine angelia kidogo, na aliyerudi ndani asingekuwa yule aliyetoka. Bi Povu alifua nguo za watu kwenye jua na kwenye baridi ili mtoto huyu asimame pale aliposimama. Alipokuwa mdogo akitaka kumsaidia mama yake, alifukuzwa kwenye beseni kama kuku. Mama yake akimwambia, mimi nafua, wewe soma, kila mtu na uchafu wake. Sasa mimi nigonge mlango ule kwa ajili ya gauni. Lakini gauni lenyewe ndilo lililobaki kwangu. Niliyajua yote mawili kwa wakati mmoja, na mkono uko juu.

Binti yangu akapata ukurasa aliokuwa akiutafuta. Akauinua, akaanza kusema tena.

Nikashusha mkono. Msidhani ni ushujaa. Mkono ulikataa tu. Bawabu akaniuliza vipi. Nikamwambia ana kazi.

Nikarudi hotelini, mlango ukanitazama ukanifungulia. Chumbani kioo kilikuwa bado na beseni lake. Nikakaa kitandani nikakitazama, maana hapakuwa na kingine cha kutazama. Adhuhuri maneno yakabadilika. ZINALOWEKWA.

Nikakiambia kioo, simama. Pazia likafunga. Nikasema acha. Taa ikazimika. Nikasema tafadhali, sauti ikaniuliza ningependa muziki wa aina gani.  Nikabaki gizani mchana kweupe, mapovu yanazunguka ukutani.

Mke wangu aliloweka nguo jioni, akizitenga kwa rangi, akizisemesha. Alijua maisha ya watu kwa kola na mifuko yao. Alijua nani ameacha kula nyumbani, nani amenenepa kwa siri, nani analia usiku, kwa sababu foronya husema. Hakumwambia mtu. Hata mimi mumewe, nikimchokoza aniambie habari za jirani, alijibu kwamba maji ya kufulia humwagwa, hayanywewi.

ZINAFULIWA.

Palipokuwa na kitu kigumu cha kufua, alipiga magoti kabisa, kwa hiyo magauni yake yote yalipauka magotini kabla ya mahali pengine. Gauni lile lilikuwa na alama mbili za magoti yake. Nikajiambia alama hazitoki kwa sabuni. Nikashika hilo.

ZINASUUZWA. Asubuhi za baridi akimaliza kusuuza alikuja karakana yangu na mikono yake ya barafu akaniwekea shingoni kwa nyuma, mbele ya wateja. Mimi napiga kelele, wateja wanacheka, yeye anasema ananipima kama niko hai. Nilikuwa namwambia aache, iko siku nitakufa kweli kwa mshtuko, atabaki na baiskeli za watu.

Nadhani nilisinzia kidogo nikiwa nimekaa. Kilichoniamsha ni mlango kuimba. Nje palikuwa na kitu chao kinachojiendesha chenyewe, ndoo yenye magurudumu, kina taa mbili mahali pa macho. Kikafungua kifuniko. Ndani, kwenye karatasi ya nailoni inayoonyesha ndani, gauni limekunjwa, limefungwa utepe.

Nililifungua kitandani kwa mwanga wa kioo. Mikunjo ilikuwa mizuri, siwezi kusema uongo, hata yeye angeisifu. Kijani kilikuwa kimerudi kidogo. Palikuwa na doa la buluu mkononi lililomshinda yeye mwenyewe miaka na miaka, alilitukana kila Jumamosi. Lilikuwa limetoka.

Nikalinusa. Lilinuka maua. Siyajui ni maua gani, sijawahi kuyaona. Nikatafuta kwapani, kwenye pindo, nikaugeuza mfuko wa vibanio ndani nje nikanusa penye mshono, mahali ambapo vumbi hujificha hata kwa dobi mzuri. Kote maua.

Kioo kikaniuliza nimeridhika kiasi gani, nichague nyota. Sikujibu, kikauliza tena, hakikuacha. Nikaenda nikakigusa ili kinyamaze. Sijui niliwapa nyota ngapi. Kikanishukuru kwa ukarimu wangu.

Binti yangu aliingia na kelele, jambo ambalo siyo kawaida yake. Amepita. Alinikumbatia, akaniachia, akanikumbatia tena. Akasema mwalimu mmoja alimbana mpaka akadhani mambo yameisha, alikuwa hauoni ukurasa, kisha akauona. Nilitaka kusema, yule wa miwani kipajini. Nikauma ulimi. Nikamwambia hongera, mama. Humwita mama siku nikiwa na furaha. Na furaha ilikuwepo, sikuigiza, ila ilikuwa kama chakula kizuri kwa mtu mwenye homa.

Akasema ameona chumba kina giza, akaiambia taa iwake. Ndipo akaliona gauni kitandani.

Alilitazama muda mrefu. Akagusa utepe.

"Baba. Umelifua."

"Limefuliwa," nikasema.

Akakaa chini pale pale sakafuni, na sketi yake ile ya pasi, akaanza kulia. Nilidhani analia ninachokililia mimi. Haikuwa hivyo. Akaniambia mama zake wadogo wamekuwa wakimpigia simu, kwamba baba yako analala na gauni la marehemu, mnyang'anye kabla hajamfuata. Na yeye hakuweza kuninyang'anya. Jana alipolikuta begini hakulala. Alisimama mbele ya walimu na nusu ya akili yake iko kwenye chumba hiki.

"Nilijiambia, siku atakayolifua mwenyewe, nitajua baba anabaki," akasema. "Na umefanya leo. Umenifanyia leo."

Nilifungua mdomo. Alikuwa ananitazama na uso wake umelowa, umefunguka wote, sijauona hivyo tangu mazikoni. Ukimwona mtu amekaa kwenye kivuli cha kitu, huwezi kumwambia kile kitu hakipo.

"Ndiyo," nikasema. "Nimefanya leo."

Akafuta macho. Akauliza kama anaweza kulivaa. Aliuliza kwa woga, kama mtoto. Nikasema livae. Akalivaa juu ya blauzi yake ya mtihani, likamkaa kana kwamba lilikatwa kwa mwili wake. Sikuwa nimegundua kwamba yeye na mama yake wamelingana. Akatia mikono kwenye mfuko wa mbele. Akanusa bega, akacheka na machozi bado yako, akasema, "Linanuka hoteli."

Nikacheka na mimi. Nilijisikia nikicheka.

Alisema wenzake wako chini wanamsubiri wapige picha, na anataka kushuka hivi hivi alivyo, Mama awemo. Akanivuta mkono. Chini vijana walikuwa wameweka kompyuta zao pembeni, wanapiga makofi, wanamwita daktari, mmoja akamuuliza kama daktari sasa anafua. Akamjibu kwamba gauni hili limefulia watu wengi kuliko vitabu alivyosoma yeye. Wakashangilia.

Mama wa usafi alikuwa anapita na toroli. Aliliona gauni, akamwona aliyelivaa, akanitazama mimi. Akaanza kusema kitu. Nikatikisa kichwa, kidogo tu. Akaelewa. Akaja akanipa mkono wake, wenye harufu ya dawa ya sakafu, akasema, "Hongera, Baba." Nikamwambia asante. Akaushikilia mkono wangu kidogo zaidi ya inavyohitajika kwa hongera.

Sijamwambia mwanangu. Yeye huwasimulia watu habari ile, nikiwepo, na mimi huitikia.

Wakatupanga mbele ya meza za matumbo ya kompyuta. Kijana mwenye simu akaniambia nisogee, Mzee, sogea kwa binti, usimwogope daktari. Nikasogea mpaka bega langu likagusa bega lake. Nikavuta pumzi, kwa mazoea. Maua yakaniingia mpaka kooni.

Wakasema moja nyingine, ya akiba. Safari hii nikabana pumzi.